Kwa nini meza zetu za inoksi zilirudi na madoa

Maneno ya fundi mkuu wa atelie yetu mbele ya wamemba na wafadhili, katika mkutano wa mwezi hapa Kolwezi. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema. Tumepunguza tu marudio.

Jambo yenu, vijana wa atelie, ninyi mulioenda kukaa nyuma kabisa kama watu wanaoogopa kuitwa majina. Sitamuita mtu jina leo. Kosa kubwa nitakaloeleza hapa ni langu mwenyewe.

Mama prezida aliniambia hivi: "Baba fundi, wafadhili wanauliza zile meza zilifika wapi. Simama ueleze, usifiche." Basi nasimama.

Munajua chama chetu ni cha watu waliorudi. Wengine walitoka Meheba, wengine Kitwe na Chingola, wengine Johannesburg. Kila mmoja alirudi na begi lake na ujuzi wake. Miye nilirudi na kazi ya kusudire inoksi, niliyoifanya miaka mingi upande wa Zambia. Kwa ujuzi huo chama kilifungua atelie, wafadhili wakatusaidia kununua mashini na plati za kwanza. Watu 11 wanakula kwa atelie ile, pamoja na nyumba zao.

Mwezi wa tano tulipata komande ya meza 14 za inoksi kwa ajili ya kituo kimoja cha afya. Tulizimaliza mwezi wa sita. Ziling'aa mpaka vijana walikuwa wanajiangalia uso ndani yake. Baada ya siku tisa simu ikalia: "Baba, meza zenu zinashika kutu." Nikajibu kwa kiburi: "Inoksi hainaka kutu." Nilipofika nikaona kwa macho yangu. Meza sita zilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Mwenye komande akasema anazirudisha, na pesa iliyobaki hailipi mpaka aone kazi safi. Na munajua mwezi wa tisa watoto wanaingia masomo.

Kwanza nieleze inoksi ni nini, kwa sababu bila hiyo hatutaelewana.

Watu wanafikiri inoksi ni chuma cha aina nyingine kabisa. Hapana. Ni chuma kilekile kilichochanganywa na kromu. Ikiwa na kromu kuanzia kama asilimia 10 na nusu, uso wake unajitengenezea ngozi nyembamba ukikutana na hewa. Plati yetu, ile inayoitwa 304, ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Ngozi yenyewe haionekani kwa macho. Chukua milimita moja, uikate vipande milioni: ngozi hii ni vipande viwili au vitatu tu. Lakini hiyo njo inazuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe, kama ngozi ya mtu, ila tu kidonda kiwe safi.

Hapa Lualaba tunaishi kwa ngozi ile bila kuijua. Wale waliofanya kazi mu mashini za kutoa shaba wanajua zile sahani za katodi. Ni inoksi, ile ya 316L. Zinaingizwa ndani ya maji ya asidi yenye shaba, umeme unapita, na kwa siku kama saba mukuba unajijenga juu yake. Halafu unabanduliwa, sahani inarudi kazini. Kwa nini mukuba unabanduka na haugandi moja kwa moja? Kwa sababu ya ngozi ile ya kromu. Njia hiyo ilianzishwa kule Townsville, Australia, mwaka 1978, na leo inatumika dunia nzima, hata hapa kwetu.

Sasa, wakati wa kukata, kusudire na kupiga diski, tunaiumiza ngozi ile, na tunaacha uchafu wa chuma juu yake. Njo maana mwishoni tunaosha kwa asidi, ama ya nitriki, ama ya sitriki, ile inayopatikana ndani ya ndimu. Asidi inayeyusha vumbi la chuma lililobaki juu na kuiacha kromu, kisha ngozi inajifunga vizuri. Kazi hiyo tunaiita pasivasio. Siye tuliifanya kwa asidi ya nitriki, ndani ya beseni kubwa la mbao tulilotandika plastiki nene. Meza ikaingia, ikatoka, tukaimwagia maji, tukaiegemeza ukutani ikauke. Na madoa yakatokea.

Hapa njo kosa langu. Nilipoona madoa nilisema palepale: asidi ni dhaifu, ile asidi ni ya bulongo. Sikuuliza mtu. Nilichukua bidoni ya pili, ile tuliyoiweka kwa komande nyingine, nikatengeneza maji makali zaidi. Beseni lilikuwa dogo kwa asidi yote, nikaazima pipa la plastiki kwa jirani. Kijana mmoja akasema: "Baba, hili pipa linanuka javeli." Nikamjibu: "Liloshe kidogo, tuendelee." Kule nilikotoka, kijana hakuwa na ruhusa ya kumrudishia fundi neno. Nilirudi na tabia hiyo pia ndani ya begi.

Tuliingiza meza mbili. Harufu ikapanda, tukakohoa, tukakimbia nje. Tuliporudi kuzitoa, zilikuwa zimekuwa kijivu, bila mng'aro, uso kama glasi iliyopigwa mchanga. Haikuwa kutu tena. Asidi ilikuwa imekula uso wenyewe.

Javeli ni klori. Ikikutana na asidi inatoa gesi inayochoma mapafu. Watu wanakufa kwa hiyo. Na kloridi ikiingia ndani ya asidi ya nitriki, ile asidi iliyopaswa kufunga ngozi inageuka kuwa ya kuichana. Kijana alisema ukweli. Miye niliharibu bidoni nzima na meza mbili, na kidogo niharibu watu.

Jioni ile tulikaa. Mmoja wetu, sitamtaja, akasema: "Yaya, tupige tu zile meza na karatasi ya msasa, zing'ae, tuzirudishe usiku. Tukishalipwa, kutu ikirudi tutasema ni wao wanaziosha vibaya." Nitawaambia ukweli, wengi walinyamaza. Hata miye nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu minervali ya watoto wangu kichwani. Aliyejibu ni mama mmoja anayetuuzia bukari pale mlangoni, ambaye si hata memba wa atelie. Alisema: "Kituo kile, njo kule nilizalia. Sasa munataka kunizalisha juu ya kutu?" Hatukuzungumza tena habari ya kuficha.

Kesho yake tulianza upya, polepole, na safari hii kila mtu alikuwa na ruhusa ya kusema. Nitawapa njia tuliyofuata, kwa sababu kuna wamemba wengine wanaosudire inoksi huko kwao.

Swali la kwanza: doa linatoka au halitoki? Vumbi letu hapa Kolwezi ni jekundu, na ndani yake kuna chuma tayari. Wakati wa kiangazi linakaa juu ya kila kitu. Tulichukua kitambaa safi na maji ya sabuni, tukapangusa. Madoa fulani yalitoka na hayakurudi. Yale yalikuwa vumbi tu. Hayo tukayaacha.

Swali la pili: doa ni la rangi gani? Palikuwa na alama nyeupe, kama chumvi iliyokaukia. Tulizipangusa kwa maji ya ndimu, zikaisha. Ile ni chokaa ya maji yetu ya foraji. Ukisuuza meza na maji ya aina ile na kuiacha ikauke yenyewe, maji yanapanda hewani, chokaa inabaki. Si ugonjwa, lakini mteja haoni tofauti.

Swali la tatu: doa linafuata njia gani? Hili njo lilitufungua macho. Madoa ya rangi ya chai hayakutawanyika hovyo. Yalikuwa mistari, tena mistari iliyokwenda sambamba na sudiri. Kijana yule wa pipa alisema: "Baba, hii ni njia ya brosi." Tukachukua brosi yetu, tukaiweka karibu na sumaku, ikanasa kwa nguvu. Ilikuwa brosi ya chuma cha kawaida. Na diski ya kusagia ilikuwa ileile tuliyosagia mlango wa chuma cheusi wiki iliyopita. Kwa hiyo tulikuwa tunachukua chuma cha kawaida na kukipaka juu ya inoksi, tunakigandamiza ndani kabisa. Kilichooza hakikuwa inoksi. Ni chuma tulichokipanda juu yake wenyewe.

Tulitaka kuhakikisha, na hapa mukuba wetu ulitusaidia. Kuna jaribio la sulfati ya shaba, ile chumvi ya buluu. Unachukua gramu 4, unaziyeyusha ndani ya mililita 250 za maji safi yaliyotiwa mililita 1 ya asidi ya sulfuriki. Unalowanisha uso wa inoksi kwa dakika 6, kisha unasuuza. Palipo na chuma huru, shaba inatoka ndani ya maji na kukaa pale, unaona rangi nyekundu ya mukuba. Pasipo na chuma, hakuna kitu. Tulijaribu upande wa chini wa meza na juu ya vipande vilivyobaki. Mistari ya brosi ilijichora yenyewe kama mtu ameipiga kwa kalamu. Vijana walipiga kelele. Angalizo: jaribio hili halifanywi juu ya vyombo vya kupikia chakula, na ukilimaliza unasuuza sana.

Swali la nne ndilo lililoniumiza kichwa: kama pasivasio inayeyusha chuma, kwa nini haikukiyeyusha hiki? Tulipata sababu tatu.

Ya kwanza, mafuta. Mwagia uso maji safi. Yakitandaa kama shuka moja, uso ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta. Kwetu yalijikusanya, na mahali pengine tuliona hata alama za vidole. Tulikuwa tunakula samaki na bukari, halafu tunarudi kushika plati. Asidi ya nitriki si sabuni. Mahali penye mafuta inapita juu, haigusi kitu.

Ya pili, rangi za moto. Kando ya sudiri inoksi inapata rangi ya dhahabu, ya kahawia, ya buluu. Watu wanasema ni mapambo. Hapana. Moto umeivuta kromu juu, chini yake panabaki udhaifu. Pasivasio peke yake haiondoi rangi zile. Lazima zitolewe kwanza, kwa diski safi au kwa asidi ya kuchubua.

Ya tatu, baridi. Asidi ya nitriki ya asilimia 20 hadi 45 inataka joto la digrii 21 hadi 32, na nusu saa. Munajua asubuhi zetu za mwezi wa sita. Siye tulikuwa tunaanza saa kumi na mbili na nusu, tukiwa na makoti. Kule Zambia beseni lilikuwa na kifaa cha kupasha moto, na miye sikuwahi kujiuliza kilikuwa cha kazi gani.

Hapo ndugu zangu niruhusuni neno kwa wote tuliorudi. Tunapenda kusema: "Siye kule tulikuwa tunafanyaka hivi." Ni kweli. Lakini kule palikuwa na maji yaliyosafishwa, palikuwa na mtu wa kupima asidi kila wiki, na kituo cha dawa kilikuwa mita 200 kutoka atelie. Vitu vile vilikuwa vinafanya nusu ya kazi yangu na miye sikuviona. Nilirudi na mikono tu, nikafikiri nimerudi na kazi yote.

Kwa sababu hiyo tulikataa ile pasta ya kuchubua sudiri, ingawa inaondoa rangi za moto haraka. Ndani yake kuna asidi ya fluoridriki. Ikikugusa unaweza usisikie kitu kwa saa kadhaa, huku inapita ngozi na kushuka mpaka mfupa. Dawa yake ya kwanza ni jeli ya glukonati ya kalsiamu, na lazima iwe pale pale kabla ya kufungua kopo. Siye hatuna jeli ile. Basi hatuitumii pasta, hata mteja akiwa na haraka.

Tulifanya hivi. Tulinunua brosi za inoksi na diski mpya, tukazipaka rangi nyekundu kwenye mpini, na kona moja ya atelie haiingii tena chuma cheusi. Tuliondoa rangi za moto na mistari yote kwa diski laini. Tuliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yakatandaa kama shuka. Baada ya hapo hatushiki uso bila glovu safi. Tukaacha nitriki, tukachukua asidi ya sitriki, asilimia 10, ndani ya beseni jipya, na tukaanza saa nne jua likiwa limepasha. Dakika 20 ndicho kiasi cha chini kwa joto hilo. Siye tuliacha 40. Asidi njo inamwagwa ndani ya maji, haiwi kamwe maji ndani ya asidi. Malineti usoni, hata kwa sitriki.

Kusuuza tulifanya mara mbili: kwanza maji ya foraji mengi, kisha maji yaliyotolewa madini, halafu kitambaa safi mpaka pakavu. Musikubali "maji ya betri" bila kusoma bidoni, maana dukani jina hilo wanaliita pia asidi ya betri. Na maji ya mvua ni mazuri, ila yasiwe yametoka juu ya mabati yaliyooza, mutarudisha kutu kwa mlango wa nyuma.

Asidi iliyotumika hatuimwagi mtoni. Tunaituliza kwa chokaa mpaka karatasi ya kupima inaonyesha imepoa. Matope yanayobaki chini yana nikeli na kromu, kwa hiyo tunayafunga ndani ya pipa. Hayaendi shambani.

Kisha tulisubiri. Tuliziweka meza zikilowa saa moja, zikikauka saa moja, tena na tena, kwa saa 24. Vijana walilala pale kwa zamu. Asubuhi hapakuwa na doa hata moja. Siwezi kuwaeleza jinsi tulivyokunywa chai siku ile.

Matokeo, kwa hesabu iliyo wazi. Meza zilizorudi ni 6. Kati ya hizo, 2 niliziharibu ndani ya pipa la javeli. Uso wake hautengenezeki tena, tumezikata kuwa rafu za atelie. Nyingine 4 zilitengenezwa na zikakubaliwa. Zile 8 ambazo hazikurudi tulizifuata wenyewe, tukazipima, na 3 tukazirudisha atelie kabla hazijaonyesha kitu. Mbili mpya tumetengeneza bila malipo. Mwenye komande amelipa, lakini baada ya watoto kuanza masomo. Nyumba nyingine zilikopa. Tulipoteza bidoni moja ya asidi na plati mbili, zilizonunuliwa kwa pesa ya wafadhili. Ninaomba radhi kwa hilo mbele yenu.

Tumewaeleza pia watu wa kituo: meza ikipanguswa na javeli, iwe ya kuchanganywa na maji mengi, na isuuzwe baada ya dakika chache, isilale nayo usiku. Kloridi inatoboa hata inoksi iliyotengenezwa vizuri.

Kwa wafadhili wetu: safari hii hatuombi asidi. Tunaomba mashini moja ya kusagia itakayokuwa ya inoksi peke yake, karatasi za kupima asidi, na glovu nzuri. Ni vitu vidogo, havipendezi kwenye picha. Lakini kama tungekuwa navyo mwezi wa tano, zile meza zisingerudi.

Na kwa kijana yule aliyesema pipa linanuka: leo njo yeye anashika ufunguo wa chumba cha asidi. Hakuna anayeingia, hata miye, kabla yeye hajanusa.